Nimesifiwa kwa gitaa, kumbe mama mkwe ndiye aliyelinyoosha

Shangazi wa gazeti letu, shikamoo. Usiweke kikombe chini, kunywa tu huku unasoma, maana barua yangu ni ndefu na mimi si mtu wa kuomba ushauri, mimi ndiye huombwa, muulize yeyote mtaani kwetu, lakini safari hii nimekwama kama lori lenye matope hadi mlangoni, na siwezi kuwauliza watu wangu wa karibu kwa sababu ndio hao hao niliowadanganya, kwa hiyo naomba unisaidie wewe, na unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo.

Mimi ni fundi vigae. Si fundi wa kubahatisha, Shangazi, nimetandika vigae nchi tatu, nimetandika hotelini, nimetandika uwanja wa ndege, kuna balozi mmoja mpaka leo akienda chooni anakanyaga kazi yangu, na shule niliishia darasa la sita lakini weka mstari wangu na wa injinia uone utauchukua upi. Wananiita Sawasawa. Jina hilo nimelipata kwa sababu nafasi zangu kati ya kigae na kigae ni zile zile kuanzia mlangoni mpaka dirishani, natumia vile vimisalaba vya plastiki vya kuachanishia vigae, mimi na kukisia hatujuani, na balaa langu limeanzia hapo hapo, subiri utaona.

Mwaka huu niliamua kutengeneza gitaa la umeme, nyumbani, kwa mkono. Watu walidhani nimechanganyikiwa lakini sababu ninayo. Tunaishi na mama mkwe, chumba cha nyuma, yeye na cherehani yake. Marehemu mume wake alikuwa mpiga gitaa wa bendi, mtu maarufu enzi zake, na alipofariki ndugu zake walikuja wakabeba suti, wakabeba saa, wakabeba na gitaa, Mama akabaki anaangalia msumari ukutani pale sebuleni. Sasa Shangazi, huyu mama mimi namdai shukrani, yaani namaanisha yeye ndiye anayenidai mimi, ona hata nachanganya. Nilipokwenda kuposa, wajomba wa mke wangu walinicheka mbele yangu, darasa la sita, viatu vina saruji, eti huyu naye. Mama alikuwa anashona. Akainua macho, hakuangalia viatu, aliangalia mikono yangu, akasema, "Kucha zake zina kazi. Mwacheni aingie." Basi nikaingia, na sijatoka mpaka leo, miaka kumi na tisa. Nikasema nitamtengenezea gitaa nilitundike sebuleni kwenye msumari ule, awe analiona anamkumbuka mzee.

Kazi niliifanya uwani, jioni jioni nikitoka kibaruani. Mwili wa gitaa niliutoa kwenye meza ya jikoni iliyovunjika mguu, ubao mzuri mnene, nikachora umbo kwa chaki, nikakata kwa msumeno wa mkono siku mbili mpaka bega likaniuliza nimelikosea nini, nikachimba kwa patasi mashimo ya kuweka zile sumaku za kunasia sauti, nikapiga tupa, nikapiga msasa mpaka ukiweka shavu unasinzia. Shingo niliichonga kwenye fremu ya mlango wa zamani, mti mgumu ule, unakula patasi. Sumaku na vifungo vya kukazia nyuzi nilivitoa kwenye gitaa bovu lisilo na shingo, nililikuta kwa muuza vyuma chakavu. Sikuwa na jiliwa ya kubana, nikapaka gundi nikaweka juu yake maboksi manne ya vigae, likabanika vizuri kuliko kwa jiliwa. Waya niliunga mwenyewe kwa pasi ya kuyeyushia risasi niliyoazima kwa fundi redio, na siku hiyo hiyo nikamwachia redio ya Mama iliyokuwa imekufa, aitengeneze akipata nafasi. Nafasi hajaipata.

Zikabaki zile ngazi, vile vijichuma vyembamba vinavyolala shingoni ambapo mpigaji anabonyezea nyuzi. Nikatazama picha kwenye simu. Kwenye picha vijichuma vinaachana sana upande wa kichwani, halafu vinazidi kukaribiana vikishuka tumboni. Nikacheka. Nikasema hii ni kamera, imepiga kutoka kichwani, vya mbali lazima vionekane vimesongamana, mimi nimepiga picha mbele ya bandari za watu, meli kubwa kama mtaa mzima inatoka ndogo kama kiatu, kamera hainidanganyi. Nikachukua vimisalaba vyangu, vinane kati ya chuma na chuma, vinane tena, vinane tena, nikakata mifereji, nikagonga vyuma. Sawa kwa sawa. Yaani ungepita ungesema hiyo sakafu ya benki.

Nikaunga kwenye spika, nikapiga. Uzi ukiuacha wazi unalia vizuri kabisa, ukibonyeza tu, Shangazi, ni kama mbuzi wawili wanagombania mlango. Cherehani ikanyamaza. Mama akatoka na uzi wa kushonea mdomoni.

"Baba, hilo gitaa linaumwa jino?"

"Hapana Mama, ni jipya, linapasha koo."

"Na hizo ngazi zake umezipima vipi?"

"Mama, habari ya kupima niachie mimi. Kutoka juu mpaka chini hata unywele haupishani."

Akaliangalia, akaniangalia, akautoa uzi mdomoni. "Naona," akasema, akarudi chumbani.

Nikaliweka juu ya kabati nikasema litazoea. Kesho yake nikasafiri kwenda kutandika zahanati mpya, nikakaa wiki tatu, na mchana nyumbani hubaki Mama peke yake, mke wangu kazini, watoto shule. Siku niliyorudi, mshona viatu wa pale kona akanipokea kwa maneno: "Sawasawa, redio ya bi mkubwa siku hizi mmeipatia stesheni gani? Gitaa tupu mchana kutwa, hata matangazo hamna." Nikamwambia asafishe masikio, redio yetu iko kwa fundi.

Jioni ile ile akaja kinyozi, rafiki yangu, kaja na mpiga gitaa wa bendi wanayopiga kwenye harusi, anataka kucheka, maana nilikuwa nimejisifia sana kabla ya kusafiri. Nikalishusha gitaa kabatini mbele yao, sikuliangalia hata, jamaa akaliunga, akapiga. Likalia. Sijui nikueleze vipi, liliimba, watu walisimama mlangoni na ndoo zao za maji. Jamaa akasema, "Fundi, hili umelipima na nani?" Nikagonga kichwa changu kwa kidole. "Na hiki hapa." Akasema, "Shingo nyembamba, ya mkono mdogo, lakini tamu sana." Kinyozi akanikumbatia, mke wangu machozi, mimi nimevimba kama mkate. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, akapiga makofi na wengine, kidogo tu.

Walipoondoka nikalishika mwenyewe, na jicho langu la vigae likaona. Nafasi si sawa. Pana kichwani, zinapungua, zinapungua, mpaka kwenye tumbo. Mifereji yangu imezibwa kwa vumbi la mbao na gundi, imepigwa msasa mpaka hujui ilikuwepo, na shingo imepunguzwa unene, vidole vyangu vinabanana. Kesho yake nikamwuliza Mama kama ameiona tupa yangu ndogo. Akaniambia bila kuinua macho, "Angalia kwenye mkebe wangu wa vifungo, chini ya kitanda." Nikaufungua. Tupa ipo. Pembeni kuna kipande kidogo cha msasa kilichokwisha, na karatasi ya kukatia mitindo imeandikwa kwa penseli, urefu wa uzi gawanya kwa kumi na nane kasoro kidogo, kilichobaki gawanya tena, kilichobaki gawanya tena, mpaka chini, kwa mwandiko wake ule wa namba saba zenye mkanda katikati. Na vimisalaba vyangu vile vinane, vimeoshwa gundi kimoja kimoja, vimefungwa kwa uzi mwekundu.

Nikaurudisha mkebe, nikatoka na tupa, nikasema, "Asante Mama kwa tupa." Akasema, "Haya baba."

Mke wangu nilimwuliza kwa kuzunguka, hivi gitaa la baba yenu alikuwa analitengeneza nani? Akacheka. "Baba? Baba alikuwa hawezi kufunga kamba za viatu. Baba akivunja, Mama anaunda. Kwani ulidhani nani?" Nikauliza na kupiga je, akasema kupiga alikuwa anapiga Baba, Mama alikuwa anajifungia ndani kukaza nyuzi na kulijaribu, basi.

Sasa shida yangu. Kinyozi anafungua duka jipya Jumamosi ya wiki ijayo mchana, ameniomba nilete gitaa, bendi itapiga, na mimi nipewe maiki niwaeleze watu jinsi nilivyolitengeneza, na watu wawili wameshaniagiza niwatengenezee kama hilo, na nimekubali, Shangazi, nimekubali na sijui kupima ngazi. Nikisema ukweli nimekwisha, kinyozi atanicheka mpaka nizeeke, eti Sawasawa kalitandika gitaa vigae. Nikinyamaza, kila siku ninakula mezani na mwanamke aliyenisitiri, naye ananiwekea chakula kama hakuna kitu. Na ninaogopa pia, huenda alifanya kwa siri kwa heshima yangu mimi mkwe wake, nikisema hadharani nitakuwa nimemharibia zawadi yake. Moyo wangu umejaa shukrani mpaka zinanikaba, sijui nizitolee wapi. Nichape, lakini usinichape sana, nina watoto.

Ni mimi Sawasawa, fundi vigae.

Shangazi anajibu:

Marahaba, Sawasawa mwanangu. Nilikunywa chai kama ulivyoniamuru mpaka nilipofika kwenye vimisalaba vinane, hapo chai ikanitokea puani. Nimecheka peke yangu ofisini, mhariri kaja kuniuliza kama naumwa. Kwa hilo nakushukuru.

Nianze na lililo jema. Umekata meza ya jikoni kwa msumeno wa mkono kwa sababu mama mmoja alibaki anaangalia msumari. Wakwe wangapi wanaouona hata huo msumari? Moyo wako ni mzuri, mdomo wako ndio unaotangulia mbele bila kutumwa.

Sasa nakuchapa. Ile jioni ya kwanza sikulaumu, hukujua. Lakini tangu ulipozishika zile ngazi ukaona, kila ulipopewa sifa ulipokea kitu cha mtu mwingine, na mwenyewe ndiye yule aliyesimama mlangoni akakupigia makofi. Halafu ukaufungua mkebe, ukaona kila kitu, ukatoka ukasema asante kwa tupa. Kwa tupa, Sawasawa! Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Unaniambia labda alitaka iwe siri. Hebu fikiri. Mwanamke anayeweza kuziba mifereji yako mpaka usijue ilikuwepo, asingeweza kuficha karatasi? Amekuoshea vimisalaba kimoja kimoja, amevifunga kwa uzi mwekundu, ameweka na tupa yako humo humo, kisha amekuelekeza mwenyewe, kwenye mkebe, chini ya kitanda. Alikuwa anakungoja. Alichagua mahali ambapo hakuna wa kukucheka, ili useme mkiwa wawili. Wewe ukachukua tupa.

Na kuna jambo umeniandikia mwenyewe bila kuliona, wewe mwenye jicho la vigae. Redio iko kwa fundi. Mshona viatu anasikia gitaa mchana kutwa, halina matangazo. Mpigaji wa bendi anakwambia shingo ni ya mkono mdogo, na vidole vyako vinabanana. Ilitosha kunyoosha ngazi, kwa nini aipunguze na shingo? Mwenye mkono mdogo humo ndani ni nani? Alikuwa anapiga, mwanangu. Miaka yote mume wake akiwa jukwaani, yeye alikuwa anajifungia eti analijaribu. Uliposafiri akalijaribu wiki tatu, na uliporudi akalirudisha juu ya kabati. Wewe ulitaka kumpa kumbukumbu ya mume. Mwenzako alikuwa anataka gitaa.

Kwa hiyo sikiliza, na usinijibu.

Leo hii, ukimaliza kusoma jibu hili, ambalo nakutumia wewe kwanza na gazetini halitoki mpaka Mama akubali, nawa mikono, ingia chumbani kwake na gitaa. Kaa chini, usisimame mbele ya mama mkwe kama mkaguzi. Mwambie, "Mama, niliona mkebe, nikakosa adabu." Mshukuru kwa ngazi, kwa shingo, kwa vimisalaba, na siku ile ya wajomba pia, maana nina hakika hata hiyo hujawahi kumshukuru. Usitie mzaha hata mmoja. Najua itakuuma.

Kisha muulize, usimpangie: Jumamosi anataka kazi yake itajwe au isitajwe? Akisema itajwe, shika hiyo maiki useme ni nani aliyenyoosha, na useme na vimisalaba vyako vinane, useme mwenyewe kabla kinyozi hajakusemea, watu watacheka na utacheka nao na itaisha siku hiyo hiyo. Akisema isitajwe, maiki usiishike kabisa. Mwambie kinyozi koo limekauka. Neno "nimetengeneza" lisikutoke tena kinywani, sema "tumetengeneza", na wanaotaka kujua mlikuwa wangapi watauliza. Na usimsukume mbele ya watu apige. Mtu aliyepiga ndani maisha yake yote ana haki ya kuchagua lini mlango ufunguliwe.

Wale wawili walioagiza, waambie wasubiri. Huanzi hata kukata ubao mpaka akufundishe ile kumi na nane kasoro kidogo, wewe ukishika penseli na yeye akishika tupa, na magitaa hayo yatoke kwa majina yenu wote wawili. Darasa la sita uliishia zamani, sasa unaingia la saba.

Tena gitaa hilo lisitundikwe sebuleni. Msumari ule tundikia kofia yako. Gitaa likae chumba cha nyuma karibu na cherehani, pamoja na spika, na umfungie soketi nyingine, hiyo kazi ndogo sana kwako.

Ukishamaliza kusema yote hayo, toka, uache mlango wazi kidogo. Kaa uwani kwenye boksi la vigae, utulie. Ile stesheni isiyo na matangazo itaanza yenyewe. Mshona viatu akikuuliza ni nani huyo, mwambie ni mama yako. Habari ya gitaa lililotoka kwenye meza ya jikoni mwachie yeye asimulie.